Sauti ya Frida na Watumishi Hewa wa Kompyuta

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Shajara, niwie radhi. Tangu mpunga ulipoanza kukomaa sijakuandikia hata mstari. Sina udhuru wa maana.

Jumamosi binti yetu Frida anaweka nadhiri za daima utawani, Afrika Kusini. Misa itaonyeshwa mtandaoni. Macho ya mama yake, Balbina, yameingia ukungu, picha haimsaidii. Anasubiri sauti tu.

Nikaikagua mapema kompyuta mpakato aliyotuletea Frida, yenye Windows. Kumbe kila kifaa kina programu ya kukiendesha. Vijana huiita draiva. Upande wa sauti nikakuta majina matatu, mawili yakifanana. Nimekuwa mkuu wa shule miaka kumi na tisa. Jina likijirudia kwenye orodha, huyo ni mtumishi hewa, anakula mshahara bila kuwapo. Nikayafuta yote matatu, aliye halali aje kujieleza.

Hakuja mtu. Spika kimya.

Jumanne, 6 Agosti

Nimemwambia Balbina kwamba mashine imepumzika. Akauliza kama imepumzika yenyewe au imepumzishwa.

Kwa Vitus siendi. Ni fundi kompyuta hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini, lakini pia ndiye mwalimu wa kwaya aliyenihamisha kutoka mstari wa mbele hadi nyuma ya kinanda. Nimepakua draiva mwenyewe, kutoka tovuti nisiyoijua. Sasa hata mtandao haushiki.

Alhamisi, 8 Agosti

Hila. Nimempelekea Vitus kompyuta, nikasema ni ya Mzee Fransisko wa kijiji cha Michenga. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, akaiwasha. Kioo kikajaa picha yangu na Balbina, siku ya jubilei ya ndoa yetu. Akasema Mzee Fransisko amefanana nami sana, na mkewe naye amefanana na Mama Frida.

Akaondoa draiva yangu ya kuokota, akaunga simu yake kwa waya ili mashine ipate mtandao, akaiacha itafute draiva halali yenyewe. Akaizima, akaiwasha. Robo saa tu, spika zikaimba. Akanionyesha majina matatu yaliyorudi, akasema yote yana kazi, moja la spika, jingine la maikrofoni, la tatu la vipokea sauti vya masikioni. Akanisihi nisimfukuze mtu tena humo ndani. Nikamjibu kwamba nitafikisha ujumbe Michenga.

Jumamosi, 10 Agosti

Balbina alijifunga kitenge kipya, akainamisha sikio hadi kwenye spika. Frida alipojitaja jina katika nadhiri, mama yake akanishika mkono. Hakuuachia mpaka baraka ya mwisho. Nikamwuliza kama amesikia vizuri. Akasema amesikia, mtoto ana mafua, masista wamwongeze blanketi. Kisha akalia kidogo. Mimi nilikuwa nafuta miwani.

Jumapili, 11 Agosti

Nje ya kanisa Balbina alimweleza kila mtu kwamba mume wake ndiye aliyeirudisha sauti ya mtoto. Anajua vizuri nani aliirudisha. Vitus alikuwa hatua mbili nyuma yetu. Alitazama viatu vyake. Sikusahihisha.

Ndipo akaja Domitila, katibu wa parokia. Kompyuta ya ofisi haichapi vyeti vya ubatizo. Nikamwambia aniachie mimi, asimsumbue Vitus. Balbina akanifinya mkono. Nikadhani ananipongeza.

Sijaamua nianze na draiva au nianze na bisibisi. Nikishaamua, nitakuandikia.