Betri Juu ya Bati

Jumatatu, Mei 5. Ilomba, Mbeya.

Chaja imefika! Imeshushwa na basi la asubuhi pamoja na mabelo ya mitumba. Kiboksi cheusi, vitufe vinne, kioo cha bluu, feni ndani. Eropleni yenyewe ilifika wiki iliyopita. Ya povu, ya rimoti, mabawa mita moja na ushee. Niliuza friji kuipata. Sijutii. Mbeya hii, mwezi wa tano, friji ya nini?

Nieleze vizuri, ili siku moja wajukuu wasome. Shangazi Mwanakhamisi ana duka la mchele Iringa, sokoni, na ekari tatu za mpunga Igawa. Magoti yamemchosha. Anatafuta mtu wa kukaa dukani. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nina miaka thelathini na sita na nauza makava ya simu kwenye meza ya kukunja. Lile duka nalitaka mpaka naliota: nimekaa nyuma ya mizani, funguo kiunoni, wateja wananiita mzee Junaid.

Ila Shangazi haniamini, kwa miradi yangu iliyokufa. Eti wale kuku. Eti ile sabuni. Eti uyoga. Leo nikampigia. Nikamwambia mpunga unaiva, ndege wale kwelea wanashuka kwa maelfu, aniachie mimi kazi ya kuamia, yaani kuulinda. Sihitaji vibarua, sihitaji makopo. Nitawafukuza kwa eropleni. Halafu akasema haya, Jumamosi atakuja kujionea kwa macho yake. Akasema pia kwamba mpunga huo ndio mchele wa duka mwaka mzima, na ukiliwa nisikanyage kwake tena.

Kakubali!

Jumanne, Mei 6. Ilomba.

Chaja haina plagi ya ukutani! Ina vibanio viwili, chekundu na cheusi, kama vile vya kubusti gari. Inataka betri kubwa iipe umeme, ndipo nayo iupeleke kwenye betri ya eropleni. Nikaazima betri ya sola ya mama mwenye nyumba, Bi Saida, alipokuwa sokoni. Kuazima, yaani sikumwambia.

Kioo kikawaka. Kikataka kujua ni betri ya aina gani. Orodha ndefu! Nikachagua ya gari, kwa sababu ndiyo niijuayo. Betri ni betri. Kikauliza mengine, nikabonyeza kukubali, kukubali, kukubali.

Gideoni akaingia. Huyu ni fundi simu na redio wa mtaa wetu, mzee wa kanisa, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Leo hakuwa na utaratibu wowote. Alichomoa waya kwanza, salamu baadaye. Akasema nilikuwa naunguza nyumba ya watu. Akanipa somo. Hii ni betri ya lithiamu, chagua aina yake. Ina seli tatu, iambie chaja tatu. Umeme uwe ampea mbili nukta mbili, usizidishe. Kile kiplagi cheupe chenye waya nyembamba lazima kichomekwe, ndicho kinachosawazisha seli. Ichaji juu ya tofali, kaa nayo, usiipeleke kwenye joto. Na ikivimba, basi tena, usiiguse.

Nikamwambia nimeelewa. Nimeandika manne ya kwanza. Mengine ni ya watu waoga.

Betri yake imeisha, Bi Saida amekosa tamthilia. Maneno niliyotupiwa siwezi kuyaandika humu.

Jumatano, Mei 7. Igawa.

Nimefika saa tatu asubuhi. Joto! Sweta nimelivua kwenye stendi.

Esnath alikuwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba. Esnath ni mama wa Kinyakyusa, mwaka wa saba huu anamwamia Shangazi mpunga. Vifaa vyake ni kombeo, kamba zilizofungwa makopo kuzunguka majaruba yote, na sauti. Sauti hiyo! Nikamwambia kwa heshima zote, mama Esnath shuka upumzike, ujira wako uko palepale, teknolojia imefika. Akaniangalia. Akaiangalia eropleni. Akasema ndaga, ndiyo asante ya kwao, akashuka. Nikadhani anaenda nyumbani. Wapi! Akakaa kwenye tuta, akawasha moto, akaanza kuchoma mahindi.

Nikabana vibanio kwenye betri ya pawatila ya Shangazi, lile trekta dogo la mkono. Aina, lithiamu. Seli, tatu. Ampea, mbili nukta mbili. Kiplagi cheupe, ndani. Chaja ikalia pii, feni ikavuma. Nikakaa saa nzima na tofali langu. Nilijiona daktari.

Halafu nikarusha. Jamani! Kwelea waliinuka wote kwa mpigo, juu kukawa giza, wakatokomea. Machozi yalinitoka kidogo. Nikampigia Shangazi. Akauliza mbona nahema. Nikamwambia ni ushindi.

Kwelea wamehamia kwa jirani, Isaka. Isaka amekuja kulalamika. Nikamshauri na yeye anunue ya kwake.

Alhamisi, Mei 8. Igawa.

Leo nimetolewa kamasi.

Eropleni inaruka dakika nane. Betri inachajiwa saa nzima. Kwelea wameligundua hilo. Wallahi wameligundua! Eropleni ikitua tu wanarudi, wanakula kwa nafasi, bila presha. Chaja ikilia kwamba imejaa, wanaanza kuondoka wenyewe, kwa adabu kabisa, kabla hata sijafunga betri.

Kufikia saa sita kona ya mashariki ilikuwa makapi matupu. Nikamwomba Esnath apige kelele kidogo tu wakati nachaji. Akasema yuko likizo. Nikamkumbusha kwamba aliyempa likizo ni mimi. Akasema ndiyo, na ameipokea kwa mikono miwili. Akageuza hindi lake.

Nikapiga kelele mwenyewe. Kwelea mmoja aliinua kichwa.

Sijala jioni. Kesho kutwa Shangazi anakuja. Hiyo kona akiiona, mimi na duka ndiyo basi. Nahitaji betri inayokaa hewani nusu saa, na ninayo moja tu ya dakika nane.

Ijumaa, Mei 9. Igawa.

Jibu limepatikana! Limenijia katikati ya hotuba ya Ijumaa, Mungu anisamehe.

Marehemu baba alikuwa anaanika mawe ya redio, zile betri kavu, juu ya bati. Mawe yamekufa kabisa, redio haikoromi. Unayaanika asubuhi, jioni unasikiliza taarifa ya habari mpaka salamu za mwisho. Nchi hii nzima tumekua hivyo! Wachina wameandika kitabu cha maelezo kurasa ishirini, hili hawakuliweka. Hawalijui. Wangelijua wapi?

Nikatoka msikitini mbio, viatu nusura nivae vya mtu. Betri nikaijaza kwanza kwa chaja, halafu nikaipandisha juu ya bati la banda la pawatila, upande unaopigwa jua vizuri. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja. Esnath akauliza naanika nini. Nikamwambia umeme. Akasogeza moto wake mbali kidogo na banda.

Nimeishusha kwa kitambaa, maana haishikiki. Imenenepa! Ilikuwa bapa, sasa ina kitambi. Imeshiba. Jua la saa tatu nzima limeingia lote humo ndani. Nakadiria dakika thelathini, huenda na arobaini.

Nikampigia Gideoni kumtambia. Alipiga ukelele ambao sikujua mzee wa kanisa anaweza. Akasema nisiipachike kwenye eropleni, nisiichaji, niifukie kwenye mchanga mbali na watu, sasa hivi. Nikamwambia mtandao unakatakata. Haukuwa unakatakata. Kuna watu hawapendi kuona mwenzao anagundua kitu.

Jumamosi, Mei 10. Igawa.

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Shangazi aliingia saa nne kutoka Iringa. Ushungi mweupe, mwavuli, na kiti chake cha plastiki anachosafiri nacho. Akakiweka karibu na Esnath. Akaitazama kona ya mashariki. Akafunga mwavuli, akakaa.

Asubuhi chaja iliikataa betri. Ililia milio ambayo sijawahi kuisikia, ikaandika maneno mapya kwenye kioo. Nikaizima. Betri iliyoshiba inachajiwa ya nini? Tatizo likawa kitambi. Haikuenea kwenye nafasi yake, nikaikaza kwa mpira wa tairi la baiskeli.

Ikaruka. Vizuri sana! Kwelea wakainuka. Shangazi akavaa miwani. Mzunguko wa kwanza, wa pili, nikageuka kumtazama, na naapa alikuwa anatabasamu. Shangazi Mwanakhamisi! Ananitabasamia mimi! Miaka yote hii nilikuwa natafuta hiyo sura. Ndiyo sababu moshi nilichelewa kuuona.

Ulianza mweupe. Ukawa mwingi. Halafu mwali. Eropleni ikapita juu ya vichwa vyetu inawaka, ikaingia kwa pua kwenye jaruba lenye masuke mazito kuliko yote. Na lile jaruba lilishakauka, linasubiri mundu. Mpunga ukashika moto.

Nikakimbilia eropleni. Siyo mpunga, eropleni. Hili wajukuu wasilisome. Nilitaka kuitoa, nikaungua vidole vinne. Esnath akanivuta kwa kola ya shati, akanisukumia kwenye mfereji, halafu akaanza kuchota tope, ndoo baada ya ndoo, anamwaga huku anakanyaga. Moto ukazimika. Pameungua eneo la chumba na sebule.

Wakati sote tunahangaika na moto, kwelea wakashuka upande wa pili. Wote! Shangazi akasimama. Akamwambia Esnath arudi kazini. Esnath akapanda dungu, tope mpaka magotini, akavuta kamba. Makopo yakalia shamba zima. Kombeo likazunguka. Na ile sauti. Haikupita dakika, hakukuwa na kwelea hata mmoja, si kwetu, si kwa Isaka. Isaka alipiga makofi, mnafiki yule.

Jumapili, Mei 11. Igawa.

Esnath kaenda kanisani. Shangazi akanipandisha mimi dunguni, na bandeji yangu. Kutwa nzima. Sauti imekwisha kabisa.

Jioni akaniita. Akaniambia nikae. Akasema duka ni kukaa. Unakaa asubuhi, unakaa mchana, mteja anakuudhi, unaendelea kukaa. Akasema anamjua mtu mmoja aliyekaa mahali pamoja miaka saba, kwenye jua na mvua, na hata alipoambiwa aondoke aliendelea kukaa. Duka amempa Esnath. Mavuno yakiisha anahamia Iringa.

Nikasema kwa sauti niliyobakiwa nayo, Shangazi, mimi ni damu yako. Akasema anajua, na ndiyo maana hanifukuzi. Nafasi ya Esnath dunguni iko wazi, niichukue. Bosi wangu atakuwa Esnath.

Nimeumia. Hapa sina utani. Nilikwenda nyuma ya banda, nikaipakata chaja, nikalia mpaka pua zikaziba. Ile rafu ya mchele wa Mbeya nilishaipanga kichwani, mchele mrefu mbele, wa kuvunjika nyuma. Esnath akanikuta hukohuko. Akanipa hindi, akakaa pembeni mpaka nikalimaliza. Lilikuwa tamu, na hilo likaniudhi zaidi.

Jumatano, Mei 14. Igawa.

Siku ya nne dunguni. Kamba nimeziweza. Kombeo bado, jana nilimpata Isaka begani. Esnath anasema sauti itoke tumboni, siyo kooni. Anafundisha vizuri, sikatai.

Leo nimemwomba nusu siku. Akauliza ya nini. Nikasema ya mkono. Akanipa. Mama mwema.

Nimeitumia kujichunguza. Mwanamume lazima ajiangalie, akubali alipokosea. Nimekaa kivulini, nimeyapitia yote kwa haki, bila kujionea huruma, na nimeliona kosa langu. Kosa ni bati! Bati la Igawa linachoma mno. Baba alianikia Mbeya, kwenye ubaridi, jua lenye kiasi. Huku betri ilitakiwa ilazwe juu ya mkeka, ifunikwe kanga nyepesi, na igeuzwe kila nusu saa ili iive pande zote. Kitu kidogo hivyo! Na chaja ni nzima, haina hata mkwaruzo.

Nimeuza simu. Gideoni hanipati tena, hiyo nayo ni faida. Nimeagiza eropleni nyingine, na safari hii betri mbili. Moja itakuwa inaruka, nyingine itakuwa juani.