Krwazieri Yetu Hadi Lowa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Nimechoka. Wiki ndiyo kwanza inaanza na mimi nimeshachoka. Tangu asubuhi nafungua redio za watu, natoa mende, nafunga. Watu wa Kindu wanadhani fundi wa redio ndiye anayepika habari zilizomo. "Baba Fifi, kuko nini?" Kuko mende!

Mchana akaja Assani kuchaji simu. Assani ni fundi cherehani, duka lake linatazamana na langu. Mwezi uliopita alimpeleka mke wake Kisangani kwa ndege, na tangu siku hiyo hawezi kushona kifungo bila kusema "tulipokuwa huko juu". Leo ameniuliza, kwa upole kabisa, likizo hii mimi nawapeleka wapi watu wangu. Ule upole ndio ulionichoma. Nikamjibu neno moja tu: utaona.

Sikuwa na chochote cha kumwonyesha. Lakini jioni Fifi, binti yangu, alinionyesha video kwenye simu yake. Meli nyeupe, ndefu kwenda juu kuliko kanisa la Katoliki. Familia nzima iko juu yake, baba, mama, watoto, na hawafanyi kitu. Wanakula. Wanatazama maji. Wanakula tena. Fifi akasema hiyo inaitwa krwazieri. Nikashtuka. Sisi hatuna mto wetu, Lualaba? Okito hana balenyeri, ile boti yake ndefu ya mbao yenye mota? Kutoka hapa mpaka Lowa na kurudi, tukiwa tumekaa tu!

Nilimweleza mke wangu nikitegemea acheke. Émilienne aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo. Akasema Lualaba ameipita kila mara vita ilipofika hapa, tangu akiwa msichana, na kila mara mama yake alimlaza chini kabisa ndani ya mtumbwi na kumfunika mkeka. "Nilikuwa nasikia maji tu," akasema. "Muto wenyewe sijauona." Miaka yote hii anaishi Kindu, anateka maji yake, anakula samaki wake, na kukanyaga chombo kwake ni kukimbia. Kisha akauliza kama kutakuwa na viti.

Nikasema viti viko. Moyo uliniuma sana, naandika ukweli. Nitamwonyesha mto huo akiwa amekaa kwenye kiti kama mke wa gavana. Na Assani pia ataona.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Nimeonana na Okito bandarini. Nilimtengenezea spika yake msimu wa mvua, kwa hiyo hawezi kuninyima. Akauliza tunabeba mzigo gani. Hakuna mzigo. Nani mgonjwa? Hakuna. Nani amekufa? Hakuna. Akanitazama kwa huruma. Akasema tangu aanze kazi hii hajawahi kumbeba mtu asiye na shughuli huko aendako. Ila amekubali. Tunaondoka Jumamosi asubuhi, polepole, maana ni kiangazi na mchanga umejaa katikati ya mto.

Sasa hatari ni moja tu: ndugu. Kindu hii, ikijulikana kwamba unasafiri kwa maji, wewe si msafiri tena, wewe ndiye boti. Utaletewa mabidoni, yale madumu ya mawese, kuku wamefungwa miguu, na binamu anayetaka kushukia hapo mbele kidogo. Isitoshe, ukoo wa Émilienne umepangana kando ya mto kuanzia hapa mpaka Lowa. Ukipita mlango wa shemeji bila kushuka, bila kula, bila kusikiliza malalamiko yake, ni tusi la miaka kumi. Krwazieri ya namna hiyo tutaimaliza Krismasi.

Kwa hiyo: SIRI. Hakuna kumwambia mtu. Tutapita katikati ya mto, kimya, kofia zimeshushwa.

Émilienne anasema tuwaambie watu waziwazi kwamba tunaenda kutembea, na mizigo tuikatae. Tukatae mizigo ya wakwe! Maskini. Mke mwema, lakini mbinu hana.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mgongo unauma. Operesheni imeanza.

Saa ile ya jua kali, wakati mtaa mzima umelala, nimelikunja godoro, nikalifunga kwenye turubai na kulisukuma kwa toroli, pamoja na viti na mwavuli wa rangi, mpaka kwa Okito. Sidhani kama kuna mtu aliyeniona, isipokuwa wale waliokuwa kibarazani. Kuku wetu nimempelekea Anne, jirani wa nyuma, nikamwomba awatunze na asiniulize kitu. Hakuuliza. Alinishika mkono muda mrefu, macho yamelowa. Mwanamke mwenye adabu sana!

Kisha nimewarudishia wateja redio zao, hata zile ambazo sijazigusa. Nimewaambia kila mtu achukue chake leo, mwisho wa wiki huenda asinikute. Wamechukua bila kubisha. Siku nyingine yoyote wangenitukana.

Assani alivuka barabara, utepe wake wa kupimia shingoni, akauliza kwa nini nafunga duka. Nikamwambia hakuna kitu, akae kwa utulivu. Rangi ikambadilika usoni. Wivu! Nimelala mchana kwa raha.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Ajabu. Fifi alitumwa chumvi, akarudi mikono mitupu. Chumvi imekwisha sokoni. Sabuni imekwisha. Toroli hata moja haipatikani. Nikasema labda ni siku ya harusi kubwa.

Fifi ndiye aliyeniambia. Mtaa mzima unasema Baba Fifi amesikia kitu kwenye redio. Godoro limekwenda bandarini. Kuku wamegawanywa. Redio zimerudishwa. Na Assani amekwisha kueleza kila mlango kwamba tangu Jumatatu nilimwonya kwa neno moja: utaona.

Nilikaa chini. Nikamkumbuka marehemu baba yangu. Mwaka wa tisini na nane yeye ndiye alikuwa wa kwanza kulikunja godoro katika mtaa huu, redio yake kwapani. Waliomcheka walikuja kukutana naye msituni, hawana hata viatu. Kwa hiyo watu hawa si wajinga. Vita iko mbali sana na hapa, huko mashariki, lakini wao hawaangalii ramani. Wanaangalia godoro la nyumba yetu.

Nikatoka, nikasimama katikati ya barabara, nikatangaza kwa sauti: hakuna vita, hakuna hatari, kila mtu aendelee na kazi yake. Mama mmoja akaanza kulia. Baadaye nikakumbuka: hayo hayo, neno kwa neno, ndiyo yaliyotangazwa kwa spika mwaka ule, siku chache kabla mji haujatekwa.

Nikabadilisha mbinu. Nikasema ni msiba: mjomba wa Émilienne amefariki Lowa. Assani akauliza mbona mfiwa ametoka kusuka nywele, na ni matanga gani watu wanakwenda na viti vyao na mwavuli wa rangi. Kabla sijajibu, shangazi wawili wa Émilienne walikuwa wameshaingia uani wakipiga yowe, wanataka kujua ni mjomba yupi. Ikabidi Émilienne awabembeleze, awapikie, aape kwamba wajomba wote ni wazima. Kisha akaosha vyombo vyao peke yake. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Sina nguvu hata ya kushika kalamu, lakini lazima haya yaandikwe.

Bruno, mkuu wa mtaa wetu, ameniita. Akaniuliza habari nimezipata wapi. Nikamwambia hakuna habari, ni likizo, familia inakwenda kutazama maji. Akainuka, akafunga mlango, akafunga na dirisha. Nikajua nakwenda kulala mahabusu. Akainama sikioni mwangu: "Nafasi ya mama watoto na masufuria yake iko?"

Hapo ningepaswa kuapa tena. Lakini tangu nizaliwe nani amewahi kuniomba nafasi? Nikajikuta nasema, nitaangalia.

Nilipofika nyumbani Assani ananisubiri. Amesimama, kofia mkononi. Anaomba kona ndogo tu, ya cherehani yake na mke wake. Mtu wa ndege! Mtu wa huko juu! Anaomba kukaa chini ya mwavuli wangu! Jamani, mimi si malaika. Nikakuna kidevu. Nikamwambia boti ni ndogo, ila nitaangalia. Wakaja wengine. Nao nikawaambia nitaangalia. Sijawahi kupata siku tamu kama hii.

Émilienne alikuwa dirishani, amesikia yote. Aliniuliza jambo moja tu: na watu wote hao, kiti chake bado kipo? Nikasema kipo, mbele kabisa, wala asiwe na wasiwasi.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Tulifika bandarini mapema. Mtaa ulikuwa umefika mapema zaidi.

Magodoro. Mbuzi. Milango miwili iliyong'olewa kwenye fremu zake. Cherehani ya Assani, na Assani juu yake. Mke wa Bruno katikati ya masufuria, na Bruno mwenyewe ufukweni akiwasihi watu kwa niaba ya serikali warudi majumbani, huku akimpokeza mke wake mfuniko. Hata mama mkwe wangu, Bibi Mounira, tuliyemficha siri hii kuliko wote, alikuwa ameshapanda na mkeka wake. Okito alinitazama tu. Kisha akatema mate majini.

Lakini kiti kilikuwepo. Mbele kabisa, kama nilivyoahidi. Émilienne alikaa na kitenge chake kipya, mgongo wima, mikono mapajani, akageuza uso kuelekea mtoni. Boti ilikuwa bado imefungwa. Ukungu ulikuwa bado juu ya maji, kwa hiyo hakuna cha maana alichokuwa ameanza kuona.

Huko juu ya ukingo pikipiki moja ikapiga ekzosi. Pa!

Watu wote chini. Bibi Mounira, ambaye kanisani tunamwinua watu wawili, aliruka kama mbuzi, akamvuta Émilienne kutoka kitini, akamlaza sakafuni, akamtupia mkeka na kulala juu yake. "Lala, mutoto! Lala!" Mtoto mwenyewe ana mvi. Walikaa hivyo, na mimi nikiwa nimelala karibu yao niliuona mkeka ukitetemeka. Sijui ni nani kati yao aliyekuwa anatetemeka. Nadhani wote wawili.

Kisha mtu akacheka, watu wakaanza kuinuka, na mkubwa wa bandari akafika akipiga makelele kwamba boti itazama hapo hapo ilipofungwa. Akashusha kila mtu. Okito aliondoka peke yake kwa hasira, na mbuzi wawili waliosahaulika.

Émilienne alitoka chini ya mkeka, akaukunja vizuri, akamrudishia mama yake, akamfuta machozi. Nikasema angalau tumepanda. Ningenyamaza ingekuwa bora.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Nilidhani watanipiga. Badala yake wananishukuru! Wanasema vita ilisikia kwamba mtaa wetu uko tayari, ikageuza njia. Bruno amenipungia mkono. Assani ameshaanza kuwaambia wateja "tulipokuwa ndani ya balenyeri". Sina hata nguvu ya kumchukia.

Baada ya misa Émilienne na Fifi hawakurudi. Walirudi jua linapungua, vumbi miguuni, wanacheka. Nikauliza walikuwa wapi. Mtoni! Walikwenda kwenye kivuko cha kawaida, pale mitumbwi inapovusha watu kwenda Alunguli. Njiani kila aliyemuuliza Émilienne anakwenda wapi, alimjibu anakwenda kutazama mto. Basi. Watu walimwambia haya mama, salimia ng'ambo. Hakuna aliyempa bidoni. Hakuna aliyekunja godoro.

Akapanda, akakaa wima. Wakavuka, wakala makemba, ndizi ndefu za kuchoma, wakarudi. Halafu akamwomba mpiga kasia waende tena.

Amenieleza tukiwa tunakula. Kwamba maji hapa ufukweni ni ya udongo lakini katikati yanakuwa karibu meusi. Kwamba kuna ndege warefu wanasimama kwenye mchanga na hawaogopi mtu. Kwamba mto ni mpana, mpana sana, na hakujua. Katikati ya mto alianza kulia, mpiga kasia akamuuliza kama amefiwa. "Nikamuambia hapana, baba. Ninatembea tu."

Nilifurahi kwa ajili yake. Naapa nilifurahi. Amelala sasa, na usingizini uso wake ni wa msichana.

Lakini nimeumia pia. Bila kiti! Bila mwavuli! Hiyo si krwazieri, hiyo ni kuvuka tu. Nimekaa nikatafuta kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Siri ilivuja kwa sababu wengi walijua. Okito alijua. Fifi alijua. Anne alikuwa na kuku. Mwakani tutakwenda mbali zaidi, mpaka Ubundu, na godoro litatoka nyumbani vipandevipande, ndani ya kikapu cha sombe. Safari hii itakuwa siri ya kweli. Hata Émilienne sitamwambia.