Maksai Wawili kwa Kompyuta Sita

Mjanja akiamka mapema, hata jogoo hujipapasa kuona kama manyoya yake yote yapo. Asubuhi hiyo mjini Migori, Javan alikuwa ameamka mapema sana.

Hakuamka kwa kupenda. Mamake ndiye aliyemwamsha kwa simu.

"Wuoda, mwanangu, mawingu yamefika. Jumatatu nataka maksai wangu shambani."

"Watakuwepo, mama. Daktari anamalizia kuwachanja."

"Mwezi mzima wanachanjwa? Wamekuwa ng'ombe au chujio?"

Ukweli ni kwamba Javan alikuwa amewauza maksai hao wawili wa kulimia, akanunua kompyuta kumi na mbili kutoka ofisi moja iliyofungwa. Zilikuwa ndogo, kila moja ukubwa wa Biblia ya mzee wa kanisa. Kwa nje zilifanana kama mayai, lakini kwa ndani zilikuwa za aina mbili. Sita zilikuwa na prosesa ya wati sita, baridi, isiyohitaji hata feni. Sita zilikuwa na prosesa ya wati sitini na tano, yenye nguvu ya ajabu na njaa ya ajabu vilevile.

Watu wa vijijini na visiwani, wanaoishi kwa sola, walitaka zile za wati sita peke yake. Hapo ndipo Javan alipoona mlango. Alichukua wembe, akabandua stika zote, akazibadilisha. Zenye njaa zikapewa stika za wati sita na kuwekwa mezani. Zile za baridi zikapewa stika za sitini na tano na kusukumwa chini ya meza, zingoje. Mjinga wa kwanza akishaondoka na zenye njaa, stika zingebadilishwa tena, na mjinga wa pili angeuziwa za baridi kwa bei ileile.

Na kwa sababu kuna wateja wasioamini stika, Elvis fundi wa redio alikuwa amemtengenezea mita ya kupima wati. Ilikuwa mita yenye adabu. Hata uifanyie nini, haikupita nane.

Saa tatu akaingia dukani mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akasimama mlangoni kama aliyekosea nyumba.

"Naitwa Bhoke," alisema, akiangalia sakafu. "Nimeolewa kisiwani Rusinga. Nataka kufungua saiba, duka la intaneti, lakini kule kwetu ni sola tu. Nimeambiwa unajua mambo ya prosesa."

"Dadangu, keti. Prosesa ni tumbo la kompyuta." Javan alikuwa hajui kama ni tumbo au ni bandama, lakini sauti yake ilijua. "Kuna tumbo la mgeni wa matanga. Anakula sahani tatu, na kaburi hachimbi. Hilo ni la wati sitini na tano. Na kuna tumbo la mama mkwe akija kwako mara ya kwanza. Anagusa tu, anashukuru. Hilo ni la wati sita. Wewe unataka mkwe."

"Nataka mkwe," Bhoke alikubali. "Tatizo, sina pesa. Nina maksai. Kaka yangu Nchagwa anauza ng'ombe Homa Bay, mimi nina wanne kwake."

Moyo wa Javan uliruka, ukagonga mbavu, ukarudi mahali pake. Maksai. Kabla ya Jumatatu.

"Kwa hizi sita za mezani," alisema polepole, kama mtu anayejinyima, "maksai wawili na mtamba mmoja."

"Na zile za chini ya meza?"

"Hizo? Dadangu, hizo ni takataka. Zitamaliza betri yako kabla ya chai ya saa nne. Hata kwa maksai mmoja ningekuwa nakuibia."

Bhoke aliomba kuona moja ya mezani ikiwaka. Javan akaichomeka kwenye mita. Saba. Alimwonyesha namba hiyo kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Ndani ya sanduku, feni ikaanza kulia kama nyigu chupani.

Bhoke aliweka kiganja juu ya kompyuta, kama anavyoguswa mtoto anayelala sana mchana.

"Kaka, hii ina homa."

"Ni furaha tu. Ni mashine changa."

"Aa." Akatazama pembeni. "Naweza kupima birika lako?"

Kabla Javan hajapata sababu ya kukataa, birika la umeme lilikuwa limechomekwa kwenye mita. Maji yalianza kunguruma. Mita ikapanda hadi nane, ikatulia hapo kwa heshima zake. Maji yakachemka, mfuniko ukacheza.

"Birika lako linakula wati nane," alisema Bhoke.

"Ni la kisasa."

"Mungu ni mkubwa."

Javan alichomoa birika haraka, akamchungulia usoni. Lakini Bhoke alikuwa bado anatazama sakafu, na uso wake haukuwa na kitu.

"Hizi za mezani ni nzuri mno, siziwezi," alisema. "Mtamba wangu nampenda. Nitachukua zile takataka."

Javan akafungua mdomo. Aseme zile takataka ndizo nzuri? Wembe wenyewe ulikuwa bado mezani.

"Lakini... betri yako, dadangu..."

"Mimi ni mshamba, nitavumilia. Na ulisema kwa mmoja ungekuwa unaniibia. Nitakupa wawili, ili tusiibiane."

Tusiibiane! Javan alifanya hesabu mara mbili, na mara zote ilicheka naye. Maksai wa mama wangerudi. Zile za mezani zingebaki na stika zao za uongo, zikisubiri mjinga mwingine. Mwanamke huyu alikuwa amelipa mara mbili ya alichoombwa. Watu kama hawa, aliwaza, serikali iwape walinzi.

Jumamosi walikutana Homa Bay, kwenye zizi la Nchagwa. Maksai wale waling'aa kama viatu vya mchumba. Pembe sawa, nundu sawa, rangi moja. Javan aliwazunguka, akampiga mmoja makofi begani, akatikisa kichwa kama mjuzi.

"Hutaki kuwajaribu kwenye nira?" aliuliza Bhoke. "Jembe lipo pale."

"Ya nini? Kazi nzuri huonekana kwa ngozi."

"Ni kweli," alisema Bhoke, akaanza kupakia kompyuta zake.

Jumatatu mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Mama Javan aliwatazama maksai wageni, akamtazama mwanawe.

"Chanjo imewabadilisha rangi?"

"Ni dawa kali, mama."

Javan akawafunga nira. Maksai wa kushoto akakataa kushoto. Akajikunja, akaruka mnyororo, akaenda kusimama upande wa kulia wa mwenzake. Mwenzake naye akaona amedharauliwa, akamzunguka ili kulia kuwe kwake. Walikwenda hivyo, wakipeana zamu ya kulia, hadi jembe likaandika duara katika viazi vya jirani.

Mama alisimama, mkono kiunoni.

"Wuoda. Maksai hufundishwa upande mmoja tangu wakiwa ndama. Hawa wote ni wa kulia. Hata mtoto wa darasa la kwanza angewajaribu kabla ya kuwachukua."

Javan alitoa simu.

"Bhoke, umenipa maksai wote wa kulia."

"Ulitazama ngozi," ilisema sauti ileile ya aibu. Nyuma yake zilisikika kompyuta sita za baridi zikifanya kazi, yaani hakikusikika kitu. "Wenzao wawili wa kushoto bado wako kwa Nchagwa. Nirudishie mmoja wa kulia, nikupe wa kushoto."

"Bure?"

"La, uniletee na zile sita za mezani. Mke wa Nchagwa anafundisha kompyuta mjini Homa Bay, pale kuna stima, si sola. Njaa yao haimsumbui, anataka nguvu. Hizo mashine hazikuwa mbaya, kaka. Stika ndizo mbaya."

Javan alimtazama mamake, ambaye tayari alikuwa ameinua ule upande wa kushoto wa nira uliobaki wazi na kumpima mabega yake kwa macho.

"Nakuja sasa hivi," alisema kwenye simu.

"Sawa. Na lile birika la wati nane, uje nalo. Huku kisiwani sola ni kidogo."