Kwetu Mgeni Haoshi Sufuria

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya pili ya masomo ugenini. Familia iliyonipokea ni watu wema mno, wema wa kuchosha. Mama mwenyeji ni muuguzi. Anarudi kazini hoi, na bado ana nguvu za kupanga zamu za jikoni. Leo zamu yangu. Sufuria! Nimevuka mipaka kusomea uhandisi, nije nikwangue ukoko wa watu? Nikamweleza kwa huzuni kwamba kwetu mgeni akiosha vyombo, nyumba hupata mkosi. Akanipokonya sifongo, akaniomba radhi. Nimelala na dhamiri safi kama sahani iliyooshwa na mwingine.

Jumatano, 6 Machi
Mambo matamu. Mila zetu zinazidi kuongezeka. Mgeni hafagii. Mgeni hukaa kiti cha karibu na hita. Kiti chenyewe ni cha Bibi, mama yake baba mwenyeji, lakini mila ni mila. Bibi amehamia kwenye stuli mlangoni, ananitazama kama paka aliyefukuzwa kitandani. Baba mwenyeji, dereva wa treni mstaafu, aliuliza kwa adabu kama mila hizi zina mwisho. Nikamwambia zinaisha mgeni akiondoka. Akasema sasa anaanza kuelewa. Mtu msikivu sana.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Wiki ijayo chuo kinataka kujua kama familia itaendelea kukaa nami. Mama mwenyeji, ili azielewe mila vizuri, amemwalika chakula cha kesho mwanafunzi mwenzangu kutoka kwetu. Kati ya wote kampata Msalihina! Ndivyo tunavyomwita, ni mtu wa kumkumbusha mwalimu kwamba hajatoa kazi ya nyumbani. Nikamfuata maktaba, nikamsihi anisitiri. Akasema uongo hasemi, ila kunyamaza si dhambi. Nikaahidi kumfulia mashati muhula mzima. Kwa mcha Mungu, alikubali upesi.

Jumamosi, 9 Machi
Msalihina alikula kimya. Nikaanza kupumua. Chakula kilipoisha akasimama, akakunja mikono ya shati, akaosha vyombo vyote. Na sufuria. Na jiko, ambalo hakuna aliyemwomba. Ni kweli, hakusema neno!

Nyumba nzima ikamtazama yeye, kisha mimi. Nikaeleza kwamba ukoo wa Msalihina una taratibu zake. Bibi akauliza polepole, "Mjukuu wangu, kwenu mgeni akikaa sana mnasemaje?"

Nikasema hatuna la kusema. Msalihina akajifuta mikono. "Mgeni siku mbili, Bibi. Ya tatu mpe jembe." Akawatafsiria vizuri, neno kwa neno. Baadaye alidai kujibu swali la mzee si kuvunja ahadi.

Baba mwenyeji alitoka, akarudi na jembe.

Mama mwenyeji hakugomba. Heri angegomba. Alisema tu kwamba alikuwa akitoka zamu ya usiku na kuosha vyombo vyangu kwanza, asije akaacha mkosi kwa watu wake. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa sijamaliza keki.

Jumapili, 10 Machi
Nimelima bustani ya viazi tangu asubuhi. Viganja vimejaa malengelenge. Bibi alinitazama kupitia dirisha, kwenye kiti chake, miguu ikiota joto.

Adhuhuri mama mwenyeji akaniletea maji. Akasema wameshauriana, na jibu watakalokipa chuo ni kwamba nabaki. Mtoto hatupwi kwa kosa moja, alisema, hata akiwa mtoto wa wenyewe. Nikamshukuru, na safari hii nilikuwa nasema kweli. Nikaapa nimejifunza. Nimekuwa mtu mpya kabisa.

Jioni baba mwenyeji akaja kukagua matuta. Akasema kesho tutaendelea na upande wa pili. Nikamweleza, kwa unyenyekevu wote, kwamba kwetu jembe halishikwi siku mbili mfululizo; ardhi huona uchungu. Akafikiri kidogo, akasema sawa, mila ziheshimiwe. Kesho atanipa reki.

Bahati nzuri, kuhusu reki tuna mila nyingi sana.