Sauti Kwenye Duara la Zamani

Leo nimeaibika mchana kweupe, jamani, na mke wangu sijui kama atarudi.

Mama Kulwa yuko kwao Ushetu wiki ya tatu sasa. Anadai mimi nafuata mkumbo, wenzangu wakisema twende, naenda. (Uongo! Huwa nauliza kwanza ni wapi.) Baba yake akapiga simu: atakuja mwenyewe Masumbwe, aone kama binti yake ameolewa na mtu mmoja au na kundi.

Saa nne asubuhi tuko machimboni, watu watano, tunajiandaa kushuka. Jua kali, lakini upepo ulikata ghafla, hata maturubai hayatikisiki. Ndipo sauti ikatoka kwenye duara la zamani, lile shimo lililofukia watu kabla sisi hatujafika. Hakuna anayelisogelea.

"Baba Kulwaaa..."

Sauti nzito, ya chini kwa chini, ikaishia na kikohozi. Nywele zilinisimama.

"Usiitike!" akanong'ona Masanja, msimamizi wetu. "Ukiitika tu, umekwenda."

Sasa niwaambie ukweli. Kikohozi kile nilikijua. Nilikisikia kutwa nzima siku ya posa yangu! Nikafungua mdomo niseme.

"Mimi nasikia na watoto wanalia humo," akasema Luhende.

"Hata mimi. Wawili," akadakia mwingine.

"Watatu," akasema Masanja.

Wote wakanigeukia. "Na wewe?"

"Wanne," nikasema. (Wanne! Kama niko mnadani.) Na kibaya zaidi, nilipokwisha kusema nikaanza kuwasikia kweli. Wanalia polepole, chini kabisa. Hapa naandika mwili unanisisimka.

Masanja akaamua dawa ya mizimu ni majivu, na ayamwage yule aliyeitwa. Mama lishe akatoa ndoo nzima jikoni kwake. Nikaenda, nikageuza uso, nikapiga kelele, "Rudi ulikotoka!" Nikamwaga.

Ikajibu chafya, mfululizo.

"Baba Kulwa, hii ndiyo shikamoo ya kwenu?"

Kumbe baba mkwe alipita njia ya mkato kutoka stendi, ukingo ukamomonyoka, akatua kwenye udongo laini, mita mbili tu chini. Mguu umeteguka. Tukamvuta kwa kamba, akatokeza mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Na wale watoto mnawaacha?"

Wenzangu wote wanne wakatimka! Nikabaki peke yangu na baba mkwe, hakuna wa kuniunga mkono.

Nikapiga magoti. "Shikamoo baba. Sikujua ni wewe. Sauti ilibadilika."

Akapangusa macho taratibu. "Yako haikubadilika. Uliposema 'wanne' tu nikakujua. Nikanyamaza, nikamshukuru Mungu, nikasema nimepona."

Nilitamani duara linimeze mimi.

Sasa hivi amelala kitandani kwangu, anaongea na Mama Kulwa kwenye simu, na mlango ameufunga. Tafadhali msinicheke. Kama ni lazima, basi kila mtu acheke kwa akili yake, msifuatane.