Mkono wa Kulia Chakula

Jumatatu, 4 Machi
Mke wa mwanangu anataka mjukuu apelekwe chekechea na jirani. Eti macho yangu yamechoka na barabara ina malori. Yeye jana katia sukari kwenye maharage, nani kamsema? Nimemwambia mwanangu: nipe wiki hii, mtoto atajua kuvuka. Kakohoa, kakubali. Nikishindwa, jirani anamchukua. Nani atanishika mkono asubuhi? Hilo sikulisema.

Jumanne, 5 Machi
Somo uani. Nikamwambia atazame kulia. Akakunja uso, akajikamua machozi. Si kulia huko, mjukuu wangu. Kulia ni upande wa mkono wa kulia chakula. Akaangalia mikono yake, akaelewa. Akili kanirithi mimi.

Jumatano, 6 Machi
Barabarani. Nikaamuru: kulia. Akageuka, akasema bibi hamna gari, akatia mguu. Lori likatokea upande wa pili. Nilimdaka kwa mkoba, ukanyofoka kamba. Dereva kanitukana, bibi mzima huna haya. Kamba, nimewaambia nyumbani, imetafunwa na panya.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu wa chekechea kaniita. Mwenyewe kabinti kadogo. Mtoto kamwambia yote. Akanionyesha mjukuu akinywa uji: kijiko mkono wa kushoto. Tangu aachishwe ziwa nakula naye meza moja, sijaona. Mwalimu akasema taratibu, bibi, achana na kulia na kushoto. Mshike mkono, msimame, mtazame huku na huku mpaka pawe peupe. Nikaondoka bila kuaga, jibu lake nitalitafuta.

Ijumaa, 8 Machi
Mwanangu na mkewe wametufuata kukagua. Ng'ambo nikamwona yule mwalimu, na jibu likanijia. Nikashuka barabarani nikampe. Mjukuu akaning'ang'ania gauni, akanirudisha kwa nguvu zake zote. Pikipiki ikapita hapo hapo, upepo wake ukanivua kilemba. Mtoto alikuwa analia, kulia kwenyewe.

Mwanangu kaamua tuendelee kwenda pamoja, ila mjukuu ndiye atakayesema twende. Mkewe kacheka kwa pua. Acheke. Nimeshinda.

Mtoto nimemkanya, asinivute nguo mbele za watu. Na mezani nimemhamishia kijiko mkono wa kulia, barabara isimchanganye tena. Kamwaga mchuzi wote. Atazoea.