Ukuta Nilioujenga Mimi

Jumatatu, 10 Juni

Basi la watalii limekuja tena saa tano. Nilikuwa bustanini nikijifanya napogoa waridi. Lorna, yule binti anayewaongoza, akanyanyua mwavuli wake wa njano mbele ya malisho ya Reg Hulbert. Akawaambia watu thelathini kwamba ukuta ule una zaidi ya miaka mia tatu, na ulijengwa na mikono isiyojulikana.

Mikono isiyojulikana. Hii hapa, inashika kalamu.

Ukuta ule niliujenga mimi, Amos Tuffley, mwaka 1963, theluji kubwa ilipoyeyuka. Theluji ile iliuangusha ukuta wa zamani wote. Nikaanza upya toka chini, jiwe juu ya jiwe, bila chembe ya saruji. Mpaka leo haujasogea hata upana wa kucha. Enid alikuwa akiniletea chai kwenye kopo, anakaa juu ya lango, anapunga miguu. Hakuwa mke wangu bado. Naiona miguu ile mpaka leo, na yeye ana miaka sita kaburini.

Jioni nikawaeleza wenzangu baa. Reg akasema binti wa watu hakukosea. "Isiyojulikana ni kweli, Amos. Wewe nani anakujua ukishapita njia panda?" Wakacheka wote.

Shida ni hii: shahidi pekee aliye hai ni huyo huyo Reg, na akifungua mdomo atajipa nusu ya ukuta. Miaka hamsini na sita anadai alisaidia. Alisaidia kunywa chai yangu.

Jumanne, 11 Juni

Nimepata mpango. Mzee anayepiga kelele bustanini hasikilizwi. Mwenye tiketi anasikilizwa. Kesho asubuhi napanda basi la kawaida hadi Oxford, naungana na msafara wao, narudi kijijini kwangu nikiwa mtalii. Atanisikiliza, apende asipende. Hakuna kichwa kingine hapa kingebuni jambo hili.

Nimetoa koti la kanisani. Nondo wamekula mkono wa kushoto. Nitakaa upande wa dirisha.

Jumatano, 12 Juni

Nilikaa kiti cha mbele. Oxford: majengo makubwa, sikatai, ila nilimweleza mama wa Kibrazili aliyekaa nami kwamba yote yameshikwa kwa chokaa. Ukitumia chokaa hata mjinga anajenga. Akanipa peremende.

Njiani, mjini Burford, tukapewa dakika arobaini. Wenzangu wakaenda kutazama kanisa. Mimi nikasimama mtaa ule wa mteremko, nje ya duka lililokuwa la viatu. Hapo ndipo Enid alipochukua viatu vyake vyeupe vya harusi. Akanitembeza nyuma yake mtaa mzima, juu mpaka chini, nimwambie kama vinalia. Vilikuwa vinalia. Nikamwambia havilii. Siku ya harusi kanisa zima likavisikia, naye akanigeukia madhabahuni akiwa amebana kicheko. Sasa duka linauza sabuni. Nilisimama hapo mpaka Lorna akaja kunichukua. Basi zima lilikuwa linanisubiri.

Tukafika kwetu. Alipoanza tu habari za mikono, nikainuka, nikamnyang'anya kipaza sauti. "Mikono yenyewe ni hii." Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya safari.

Lorna hakukasirika. Akanivuta kando. "Babu, mimi ningefurahi kulitaja jina lako kila siku. Lakini siruhusiwi kusema jambo bila ushahidi. Unao?"

Nikasema ninao. Aje Ijumaa auone.

Nilikuwa hatua thelathini toka mlangoni kwangu. Lakini tiketi yangu ni ya kwenda na kurudi. Nikarudi nao mpaka Oxford, kisha nikapanda basi la kuja nyumbani. Siwezi kuwaachia safari yangu bure.

Alhamisi, 13 Juni

Ushahidi umo ndani ya ukuta.

Sisi wajenzi wa mawe tuna desturi. Kabla ya kufunika juu, unaacha kitu tumboni mwa ukuta: chupa, kiko, chochote. Unakiacha mpaka siku ukuta utakapoanguka wenyewe. Mimi niliacha kopo la kakao. Ndani niliweka karatasi. Majira yale ya theluji, njia zote zimefungwa, Enid alinifundisha herufi jikoni kwa mama yake, na sentensi ya kwanza niliyoandika maishani ndiyo hiyo: Amos alijenga ukuta huu. Enid akaondoka na kopo kwenda kutia utepe wake wa buluu wa nywele, akalirudisha limefungwa. Nikalilaza ndani ya mawe. Hatua tisa kutoka langoni.

Leo nimekwenda kupima hatua tisa. Swali likazuka. Zile zilikuwa hatua za kijana wa miaka ishirini na mitatu. Nimefikiri sana. Nimeamua miguu yangu haijabadilika.

Reg akaegemea lango, akauliza napima nini. Nikamwambia kaburi lake. Akasema basi niongeze hatua moja, yeye ni mrefu kuliko mimi.

Ijumaa, 14 Juni

Watalii walijipanga kama shuleni. Nikavuta jiwe la kwanza. Halikutoka. Nikawaambia waone wenyewe kazi yangu ilivyo. Reg, mwenye malisho, akaruhusu nitumie mtaimbo, na kwa ukarimu huo nusu ya watu wakawa upande wake. Nikautia.

Hatua ya tisa: hakuna kitu. Ya kumi: hakuna. Ya kumi na mbili, ukuta ukapumua, ukalala chini kipande kirefu kama basi. Kondoo wa Reg wakatoka wote. Mmoja akapanda basi.

Kopo likabingirika kutoka hatua ya kumi na nne.

Sikuwa na miwani, akasoma Lorna kwa sauti. "Amos alijenga ukuta huu." Makofi. Nikavua kofia. Kisha akanitazama. Nikamwambia asome yote, sina siri.

Chini palikuwa na mwandiko wa Enid, ule mzuri.

"Na Reg Hulbert naye, siku kumi na moja, Amos alipoumwa mgongo. Amos asiambiwe."

Nakumbuka mgongo ule. Nilipopona nilikuta ukuta umesonga mbele, nikadhani nilikuwa nimejenga zaidi ya nilivyokumbuka.

Nilingoja Reg acheke. Hakucheka. Alichukua ile karatasi, akaishika kwa ncha za vidole. "Alikuwa hadhulumu mtu, Enid," akasema. Kisha akaenda kumshusha kondoo wake.

Jumapili, 16 Juni

Siku mbili tunajenga, Reg na mimi. Yeye analeta mawe, mimi napanga. Jana Lorna alipita na watu wake, akasema: ukuta huu ni wa mwaka 1963, kazi ya Amos Tuffley na Reg Hulbert, na ndio hawa. Tukapigwa picha. Reg alisimama mbele yangu kidogo.

Karatasi ya Enid nimeiweka chini ya mto wangu. Utepe nimeurudisha kwenye kopo. Haunukii chochote tena, ila niliunusa muda mrefu.

Kopo linataka karatasi mpya. Nimeandika: Amos Tuffley aliujenga ukuta huu mara mbili, peke yake. Safari hii hakuna wa kuongeza neno.

Kifuniko kilikataa kukazika, vidole vyangu hivi. Nikampa Reg akakigonge kwa nyundo bandani kwake. Alikawia. Aliazima na kalamu yangu, sijui ya kufanyia nini.

Nimelilaza hatua tisa kutoka langoni. Mgongo unauma. Reg anasema kesho nilale tu, atausogeza ukuta mbele yeye kidogo.